Maswali ya Wasomaji: Mikwaruzo Midogo ya Rangi ya Gari na Mashine ya Polishi

Swali: Fundi, salaam. Nina Toyota Crown nyeusi iliyoingia kutoka Japani. Ikiwa kivulini inapendeza, lakini jua likiipiga, boneti na milango huonekana imejaa mistari myembamba inayolizunguka jua linapoakisiwa juu ya rangi. Nimenunua mashine ya polishi ya mizunguko miwili, pedi tatu za sponji, chupa moja ya kompaundi na moja ya polishi, lakini naogopa kuanza. Naomba unieleze kazi yenyewe kwa utaratibu, na uniambie pia nitajuaje kwamba nimefika pa kuacha.
*Msomaji, Tabata Segerea*

Jibu: Ndugu yangu wa Tabata, hofu uliyo nayo ina msingi, na ningefurahi kama ungebaki nayo kidogo hata baada ya kusoma jibu hili, kwa sababu mashine hiyo haiuondoi mkwaruzo. Inachoondoa ni klia iliyo pembeni mwa mkwaruzo, mpaka uso wote ulingane na kina chake. Gari la kisasa limepakwa matabaka manne: la chini kabisa la kuzuia kutu, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote klia, ambayo haina rangi, na ndiyo inayotoa mng'ao na kuikinga rangi ya chini dhidi ya jua. Matabaka yote manne kwa pamoja, gari likiwa bado na rangi ya kiwandani, kwa kawaida yana unene wa mikroni 100 hadi 150, yaani karibu sawa na karatasi moja ya kuchapia, na katika hizo klia huchukua 35 hadi 50 tu. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Polishi laini inayopigwa vizuri huondoa mikroni moja au mbili, kompaundi, ambayo ni dawa ya kukatia iliyo kali kuliko polishi, huondoa zaidi, na wengi walio katika kazi hii hushauri kwamba jumla ya klia inayokatwa katika maisha yote ya gari isizidi mikroni 8 hivi. Klia iliyokwisha kukatwa hairudishwi na waksi wala dawa yoyote. Hurudishwa na bunduki ya rangi, na hiyo ni gharama nyingine kabisa.

Ndiyo maana kanuni ninayokuomba uishike kuliko zote ni hii: anza na kilicho laini kuliko vyote ulivyo navyo, na upandishe ukali pale tu ambapo kile laini kimeshindwa.

Mistari unayoiona jua likiwaka haiko katika umbo la duara. Imelala kila upande, ila jicho huiona ile tu iliyokaa kukingama na mwanga, na kwa hiyo hudhani kwamba yote inazunguka. Naisema habari hii kwa sababu wako wanaodhani kwamba alama hizo zimeletwa na mashine iliyozunguka, ilhali sehemu kubwa huletwa na uoshaji: kitambaa kilekile kilichofuta magurudumu kinapanda hadi kwenye boneti, ndoo moja inaosha magari mengi bila kubadilishwa maji, na zile brashi za manyoya zinazouzwa kwenye taa za barabarani zinasugua vumbi kavu la mchanga juu ya klia kila asubuhi. Ukipiga polishi leo na kesho ukarudi kwenye brashi hiyo, utakuwa umekata klia bure.

Kabla ya kuwasha mashine, gari lioshwe kwa shampuu ya magari, si kwa sabuni ya unga, kisha upitishe kiganja juu ya boneti iliyokauka. Ukihisi chembechembe, hizo ni uchafu uliojikita ndani ya klia, kama vile chembe za chuma kutoka kwenye breki, matone ya lami na utomvu wa miti, na hautoki kwa kuosha. Hapo ndipo unapohitaji udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Unalowesha eneo dogo kwa maji yenye shampuu, unauteleza udongo bila kuukandamiza, na kila unapochafuka unaukunja ili upate uso safi. Ukiuangusha chini, utupe, hata kama ni mpya. Punje moja ya mchanga wa Tabata iliyonasa ndani yake inatosha kukuandikia mlango mzima. Usiporuka hatua hii kazi yote inayofuata inakuwa nyepesi, na ukiiruka, pedi itazoa uchafu huo na kuuzungusha juu ya rangi kwa kasi.

Gari lako lilitumika Japani kabla halijafika kwako, na wewe huna habari ya yaliyolipata huko. Huenda lilipigwa polishi kabla ya kuuzwa, huenda mlango mmoja ulipakwa rangi upya baada ya ajali. Ukiweza kumpata fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, mwombe akupimie kila bamba sehemu kadhaa kabla hujaanza. Bamba linalosoma zaidi ya mikroni 200 karibu kila mara limepakwa upya, likisoma mamia mengi zaidi basi chini yake kuna fila, yaani udongo wa kujazia mabonde ya bodi, na likisoma chini ya 80 ningekushauri uliache kabisa na uridhike na waksi. Kipimo cha kawaida husoma juu ya chuma tu, si juu ya bampa ya plastiki, kwa hiyo bampa ichukulie kuwa na klia kidogo na uipige kwa upole.

Kisha bandika utepe wa karatasi, ule ambao mafundi rangi huuita masking tepu, juu ya raba za madirisha, plastiki nyeusi, nembo na kingo zote kali za boneti na milango. Wengi hudhani utepe ni wa kuzuia uchafu tu. Kwenye kingo una kazi kubwa zaidi, kwa kuwa rangi ikiwa bado mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kuelekea kwenye uso bapa, na kwa hiyo klia ya kwenye kingo ni nyembamba kuliko kwingine kote. Huko ndiko magari mengi yanakounguzwa.

Mahali pa kufanyia kazi pana uzito wake katika jiji hili la Dar es Salaam. Boneti nyeusi iliyoanikwa kwenye jua la Januari haivumiliki kuguswa, na kompaundi ikimwagwa juu yake hukauka kabla haijafanya kazi, ikabaki ukoko unaokwaruza. Fanya kazi asubuhi na mapema au jioni, chini ya paa, mahali ambapo upepo hauleti mchanga, na usianze mpaka mgongo wa mkono wako ukiwekwa juu ya bamba uhisi ubaridi au uvuguvugu mdogo tu.

Sasa chagua eneo moja la majaribio, kama sentimita 40 kwa 40, katikati ya boneti, na usifanye jambo lolote kwingineko mpaka eneo hilo likupe jibu. Chukua pedi laini kati ya hizo tatu na chupa ya polishi, si ya kompaundi. Weka matone manne au matano yenye ukubwa wa punje ya njegere, gusisha pedi kwenye rangi mashine ikiwa imezimwa, ndipo uwashe. Kasi ya kwanza au ya pili ni ya kutandaza. Kisha panda hadi ya nne au ya tano, na upitishe mashine pole pole, kiasi cha sentimita tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Ukimaliza kwa mlalo, pita kwa wima, kisha rudia, mpaka upate mapito manne au sita. Mkono unaoongoza usitie nguvu nyingi: uzito wa mashine na msukumo mdogo vinatosha. Mashine ya mizunguko miwili ina tabia ambayo anayeanza hupaswa kuijua: pedi hutikisika na kuzunguka kwa pamoja, lakini ukiikandamiza sana au ukiiinamisha, kuzunguka husimama na kubaki kutikisika tu, na hapo hukata kidogo sana. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito juu ya sahani inayoshika pedi, nawe utauona ukizunguka au ukisimama.

Futa kwa kitambaa safi cha mikrofaiba, kisha upulizie alikoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji na ufute tena, ili mafuta yaliyomo ndani ya polishi yasikufichie mikwaruzo iliyobaki. Washa tochi ya simu na uielekeze juu ya eneo hilo kutoka pande mbalimbali. Mistari ikiwa imetoweka, umekwisha kupata jibu, na gari zima litapigwa hivyo hivyo. Ikiwa imepungua lakini ingalipo, rudia kwa polishi ileile juu ya pedi ya ukali wa kati. Ikiwa bado hairidhishi, ndipo ufungue kompaundi, na baada yake lazima urudi na polishi na pedi laini ili kuondoa ukungu ambao kompaundi huuacha, hasa juu ya rangi nyeusi, isiyosamehe chochote. Kila baada ya eneo moja safisha pedi kwa brashi, maana pedi iliyojaa klia iliyokatwa na polishi iliyokauka huacha kukata na huanza kupata moto. Kwa gari zima pedi tatu ni chache. Ungejipatia angalau pedi nne za kila aina utakayotumia, ili ile iliyolowa na kupata moto ipumzike.

Umeuliza utajuaje pa kuacha. Mimi huacha pale gari linaponiridhisha nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwake mchana wa jua, na siendi hatua ya ziada kwa ajili ya mstari mmoja unaoonekana kwa tochi pekee. Mikwaruzo iliyo mirefu kwenda chini iliyobaki baada ya mapito ya polishi itakuwa imelainika kingo zake na haitavuta jicho tena, na klia uliyoiacha hapo leo ndiyo itakayokuruhusu kulisafisha gari hili mara nyingine miaka ijayo. Malizia kwa waksi au dawa ya kinga, kwa kuwa klia iliyotoka kupigwa iko wazi, na hewa ya chumvi ya pwani hii haichelewi.

Swali: Mwanangu fundi, habari za kazi. Nikiwa kwenye foleni Mbagala, bodaboda ilipita ikanikwaruza mlango wa nyuma kwa mpini wake. Umebaki mstari mweusi wenye urefu wa mkono, na ndani yake kuna sehemu inayoonekana nyeupe. Gari ni la rangi ya fedha. Kijana wa sehemu ninakoosha gari ananiambia ana mashine yenye kasi na pedi ya manyoya, na kwamba ataupiga mpaka uishe. Nimruhusu?
*Mama wa Mbagala*

Jibu: Mama, shikamoo, na pole sana kwa mkasa huo. Naomba usimruhusu kwanza, mpaka tujue mstari huo una mambo mangapi ndani yake, kwa sababu, kwa jinsi ulivyoeleza, yako mawili.

Ule weusi huenda si mkwaruzo hata kidogo. Mpini wa pikipiki umevishwa raba, na raba inaposugua mlango huacha sehemu yake juu ya klia. Chukua kitambaa laini, ukitie dawa ya kuondolea lami, au mafuta ya taa kidogo kama dawa hiyo haipatikani, ufute taratibu bila kukandamiza, kisha uoshe mahali hapo kwa maji na shampuu. Mara nyingi nusu ya kile kilichoonekana kuwa hasara huondoka na kitambaa hicho.

Kitakachobaki kipime kwa kucha. Pitisha ukucha ukikatiza mkwaruzo: ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo uko ndani ya klia na mashine inaweza kuuondoa au kuupunguza, ukikwama, umeingia ndani kuliko inavyofaa kukatwa. Pima pia kwa maji. Lowesha mlango, na mstari ukitoweka ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, hapo pia tatizo liko kwenye klia. Ile sehemu nyeupe, ikiwa itabaki nyeupe hata ikilowa, ni praima inayochungulia, na hapo rangi yenyewe imekwisha kuondoka. Hakuna mashine duniani inayoweza kurudisha rangi isiyokuwepo. Ukimruhusu kijana aipige mpaka iishe, ataikata klia yote iliyozunguka mahali hapo, ataifikia rangi ya fedha, na mlango uliohitaji tone dogo la rangi utahitaji kupelekwa gereji upigwe rangi mzima.

Sina ubaya na mashine ya kasi yenye pedi ya manyoya. Mikononi mwa fundi aliyezoea hukata haraka na hufaa rangi ngumu. Lakini yenyewe huzunguka moja kwa moja bila kutikisika, na kwa hiyo joto hukusanyika mahali pamoja, na sekunde chache za kusitasita kwenye ukingo wa mlango zinatosha kuunguza. Nayo pedi ya manyoya huacha mawimbi ya mwanga, ambayo utayaona usiku ukisimama chini ya taa za kituo cha mafuta, asipofuatisha polishi laini juu ya sponji. Mwulize kama atafuatisha. Asipolielewa swali, mshukuru uondoke.

Kwa sehemu nyeupe, tafuta kibati kidogo chenye taarifa za gari, ambacho kwenye Toyota huwa ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, na usome namba ya rangi. Kwa mfano 1F7 ni fedha, 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Kwa namba hiyo duka la rangi za magari linaweza kukuchanganyia kiasi kidogo. Ipakwe kwa brashi nyembamba sana ndani ya mkwaruzo tu, tabaka jembamba juu ya jembamba, kila moja likauke kabla ya lingine, na mwisho klia. Haitatoweka kabisa, Mama, kwani rangi ya fedha ina chembe za metali ambazo brashi haiwezi kuzilaza kama bunduki ya rangi inavyozilaza, lakini kutu haitapata mlango wa kuingilia, na kwa hatua mbili tatu mtu hataiona. Kama itaonekana chuma chenyewe, usingoje mwisho wa mwezi.

Swali: Nilipeleka gari langu jeusi kupigwa polishi, likarudi linang'aa kama jipya bila mkwaruzo hata mmoja. Baada ya kuliosha mara chache mikwaruzo yote imerudi mahali palepale. Je, rangi yangu ni mbovu?
*Msomaji, Kigamboni*

Jibu: Rangi yako haina kosa, ndugu yangu. Mikwaruzo haikurudi, kwa sababu haikuondoka. Ziko polishi zenye mafuta na vijazio vinavyoingia ndani ya mistari na kuifanya isiakisi mwanga, na gari likitoka hapo hupendeza kweli kweli. Sabuni, mvua na jua vikiyaosha mafuta hayo, mistari hujitokeza tena kama ilivyokuwa. Dawa hizo si haramu. Kwa gari ambalo klia yake imebaki nyembamba mno, mimi mwenyewe hupendekeza kuficha badala ya kukata, ila mwenye gari aambiwe ukweli kabla ya kulipa. Safari ijayo, kabla hujakabidhi fedha, mwombe fundi afute sehemu ndogo ya boneti mbele yako kwa alikoholi iliyochanganywa na maji, kisha mlitazame gari pamoja nje ya banda, juani. Aliyekata kweli hatakuwa na sababu ya kukataa. Ipo pia faraja katika jambo lako: kama kazi ile ilikuwa ya kujaza tu, basi klia yako haikupungua sana, na bado unayo ya kutosha kufanyiwa kazi sahihi, ingawa ningependa ipimwe kwanza.

Swali: Nimepata mashine ya polishi ya mtumba iliyotoka Japani, bado nzima. Naweza kuichomeka moja kwa moja?
*Kijana wa Ilala*

Jibu: Usiichomeke, mdogo wangu. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wa kwetu ni volti 230, na mota itaungua mara moja, pengine mikononi mwako. Soma kibati kilicho ubavuni mwa mashine. Kikisema volti 100 pekee, utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za mashine, na uzito wa transfoma hiyo utakuchosha unapoizunguka gari. Ukiamua kuinunua, nyaya zote zipite begani, si juu ya boneti, na waya wa kurefushia uliokunjwa kwenye gurudumu lake ukunjuliwe wote kabla ya kazi, maana ukiwa umekunjwa na kubeba mzigo hupata joto. Vaa miwani na barakoa. Vumbi la kompaundi iliyokauka si la kuvuta.

Swali: Nina Land Cruiser nyeupe ya zamani sana. Nilipoanza kuipiga polishi, pedi ikawa nyeupe pepepe. Nimeshaharibu?
*Msomaji, Kimara*

Jibu: Huenda hujaharibu chochote. Magari mengi ya zamani, hasa meupe na mekundu, na mengi ya kazi, yalipakwa rangi ya tabaka moja isiyo na klia, na pedi inapoigusa lazima ichukue rangi. Kinachotoka mwanzoni ni ile ngozi iliyokufa kwa jua, na chini yake utakuta nyeupe yenye uhai. Endelea kwa polishi laini peke yake, badilisha pedi mara kwa mara, na uisimamishe mashine mara tu mng'ao unapotokea, kwani baada ya hapo unachokata ni rangi yenyewe. Uanzapo kuona kivuli cha kijivu au rangi nyingine ikichungulia, umefika kwenye praima, na hapo ndipo uharibifu ulipo. Rangi ya namna hii hukauka upesi kwa jua, kwa hiyo ipake waksi mara nyingi kuliko gari lenye klia. Lakini kama gari lako lina klia, na pedi imetoa rangi kwenye eneo moja tu, acha mara moja, maana klia ya mahali hapo imekwisha.

Swali: Naegesha chini ya mwembe hapa Mbezi. Kunguru wananiharibia gari kila siku, na maji ya kisima chetu huacha madoa meupe ya duara kila ninapoosha. Je, mashine ya polishi itayaondoa yote?
*Msomaji, Mbezi Beach*

Jibu: Dada yangu, madoa hayo mawili si ya namna moja, hivyo nitayatenganisha.

Maji ya visima vingi vya ukanda wetu wa pwani yana chumvi na madini. Tone likikauka juani, maji huondoka na madini hubaki. Doa likiwa bado juu ya klia, siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikiwekwa kwa kitambaa kwa dakika moja au mbili kivulini na kusuuzwa vizuri, mara nyingi hulitoa bila mashine yoyote. Kuanzia sasa osha jua likiwa limetua au halijachomoza, na ukaushe gari zima kwa taulo la mikrofaiba kabla matone hayajakauka yenyewe. Kama unayo maji ya bomba au ya mvua uliyokinga, yatumie hayo kwa suuzo la mwisho tu, ndoo moja inatosha.

Kinyesi cha kunguru ni jambo la haraka zaidi. Kina asidi, na klia inapopata moto juani hulainika na kutanuka, kisha ikipoa hushuka na kujikunja kufuata umbo la kile kilichokauka juu yake. Ndiyo maana doa la asubuhi huwa limechimba ifikapo alasiri. Usilikwangue likiwa kavu, kwa sababu ndani yake mna punje za mchanga na mbegu. Lifunike kwa kitambaa kilicholowa, ungoje lilainike, kisha ulinyanyue kwa kulikunjia ndani ya kitambaa bila kusugua. Ukiweka chupa ndogo ya maji na vitambaa viwili kwenye buti, utaokoa klia nyingi kuliko mashine yoyote. Turubai la kufunikia gari halitakusaidia kama gari lenyewe lina vumbi, kwani upepo wa jioni hulisugua turubai juu ya vumbi hilo usiku kucha.

Palipokwisha chimbika kidogo, pedi laini na polishi katika eneo la sentimita 40 kwa 40, kama nilivyomweleza msomaji wa Tabata hapo juu, itapunguza ukingo wa shimo. Piga mara moja, futa, tazama, na ukihitaji, piga mara ya pili. Alama ikibaki baada ya hapo, iache ilivyo na upake waksi juu yake.